Sentensi ya Uongo Sisemi

Askari wa getini kwetu hana mbwa. Nimemjua miaka minane, najua nyumba anayopanga pale Kaloleni, najua watoto wake wote watatu, na ninasema hana mbwa wala hana mpango wa kufuga. Lakini Jumanne moja alasiri alisimama katikati ya chumba cha kulia cha hoteli yetu, mikono mgongoni kama mtoto wa darasa la tatu, akasema kwa Kiingereza, "I look after my dog every morning." Kwamba humtunza mbwa wake kila asubuhi. Mwalimu akampigia makofi. Mimi nikauliza kwa sauti, "Mbwa gani?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa kijana mwenye kompyuta ya mkononi na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Voi lilikuwa limeshaanza kuvizoea.

"Mama, hii ni example tu," akaniambia. "Si lazima ikuwe ya ukweli."

"Na kwa nini isikuwe?" nikamuuliza. "Huyu ako na watoto watatu na geti mzima ya kuchunga. Kiingereza hakijui geti?"

Akasema tuendelee, muda unakwenda.

Nieleze tulifikaje hapo. Hoteli yetu iko kando ya barabara kuu, karibu na mbuga, na wageni wengi hulala usiku mmoja au miwili kisha wakaenda zao. Mimi ni mhudumu wa vyumba: nafagia, natandika, nafua. Msimamizi wetu wa vyumba alipostaafu akarudi kwao Njukini kulima mahindi, meneja aliniita ofisini akanipa funguo za stoo ya mashuka. "Mama, shikilia tu kwa sasa," alisema. Nikashikilia. Nilipanga zamu za wenzangu, nilikagua vyumba, niliwajibu wageni waliokosa taulo, niliwafundisha wasichana wapya jinsi ya kulitoa vumbi jekundu la mbugani kwenye shuka jeupe. Vumbi hilo lina masharti yake. Unalikung'uta likiwa kavu, unaliloweka kwenye maji baridi, ndipo unatia sabuni. Ukianza na maji ya moto umelipika, halitoki tena. Siku nilipopewa funguo zile mjukuu wangu alikuwa bado tumboni. Sasa alikuwa anakimbia, na barua yangu ya kazi ilikuwa bado inasema mhudumu.

Kisha ikatangazwa kwamba nafasi ya msimamizi itajazwa rasmi, na kwamba mahojiano yatakuwa kwa Kiingereza. Ili tusije tukasema tumeonewa, tukaletewa mwalimu wa bure, kila Jumanne na Alhamisi wageni wakishamaliza chakula cha mchana. Mimi niliishia darasa la nane. Kiingereza cha wageni nakielewa, na cha kuomba msamaha ninacho kingi kuliko cha kusalimia, maana ndicho kazi ilichonidai. Cha mahojiano sikuwa nacho.

Mwalimu alikuja na vile vitenzi ambavyo Waingereza huvifunga mkia. Kitenzi unakijua vizuri, halafu wanakibandika kijineno nyuma, au viwili, na maana inakuwa nyingine kabisa. Niliviita vitenzi vya mkia na jina likashika. Hata meneja alilitumia. Kila mtu alichukua kikaratasi chenye kitenzi chake, akatunga sentensi ya maisha ya kila siku. Mpishi alisema sukari imetuishia, na hiyo niliikubali, maana asubuhi ile sukari ilikuwa imeisha kweli na chai tulikunywa bila. Msichana wa mapokezi alisema anaelewana sana na majirani zake. Mimi naishi naye ukuta kwa ukuta. Nilikohoa.

Haukuwa ubishi wa bure. Kuna jambo nililolelewa nalo. Nyanya yangu wa kule Bura alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi, rozari haikumtoka mkononi, lakini kutasa hakuacha. Kwetu Wataita, mtu mwenye hasira moyoni hawezi kumbariki mwenzake hivi hivi. Kwanza aiseme hasira yake, aitaje ilivyo, nani alimfanya nini. Kisha anachukua kinywaji mdomoni, anakipuliza nje, ndipo anaomba mema. Wazee walitumia pombe ya miwa. Nyanya, kwa kuwa pombe alikuwa ameacha, alitumia maji kwenye kikombe cha bati. Alisema hasira iliyofichwa haikai ilipofichwa; inazunguka nyumbani, inamtia mtoto homa, inamkausha mbuzi maziwa. Na uongo, alisema, haupulizwi.

Nakumbuka alivyokataa kumtasia mjomba wangu siku ya harusi yake. Watu wamevaa, kwaya imefika, padri anaangalia saa. Nyanya kakaa kwenye kigoda chake na kikombe mkononi, anasema hawezi, ana neno na kijana huyu na hajalitoa. Akalitoa mbele ya kila mtu: mjomba alikuwa amemchinja mbuzi wake bila kumuuliza, akawalisha marafiki. Mjomba alisimama na suti yake akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo nyanya akapuliza maji, akambariki, na jioni akacheza kuliko wote.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo umwambie atunge sentensi ya mbwa asiyekuwepo. Watu walidhani nafanya mzaha, na kicheko nilikipenda, sitakataa. Lakini ndani yangu ilikuwa kweli. Kama nitajifunza lugha ya watu uzeeni, basi niseme ndani yake yale yaliyonipata.

Alhamisi ilinifikia zamu. Kikaratasi changu kilisema "put up with". Mwalimu akaeleza: ni kuvumilia jambo usilolipenda, kuishi nalo tu. Nilikisoma kile kikaratasi mara mbili. Miaka miwili nilikuwa natafuta jina la kitu nilichokuwa nafanya, na kumbe Waingereza wanalo, na lina mikia miwili.

"Haya mama," mwalimu akasema. "Sentence ya everyday life."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa moja tu, na ilikuwa imekaa kwenye ulimi. Lakini meneja alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, anatutazama kwa furaha ya mtu aliyewafanyia wengine hisani. Nikasema nitaileta wiki ijayo. Kwa mara ya kwanza darasa zima lilinishangaa, hata askari.

Mwalimu alinifuata kwenye mabeseni ya kufulia. Akainama, akaniambia polepole, "Mathe, usijiumize. Interview ni next week, na hiyo put up with iko kwa maswali, nimeiona. Wewe shika hii: I put up with the noise of the lorries at night. Iko correct, na haiumizi mtu."

"Malori hayanisumbui," nikamwambia. "Mimi nalala fofofo. Yakinyamaza ndio naamka."

"Ni sentence tu, mathe. Unataka kazi ama unataka ukweli?"

Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa ameacha chai yake ipoe ili anisaidie, na macho yake yalikuwa ya huruma kweli. Nami nakiri: kikaratasi cha malori nilikipokea. Niliitaka ile kazi. Niliitaka mpaka nikaona haya kuitaka, mtu mzima, nyanya wa mtu, namezea mate karatasi yenye jina langu na kazi yangu kwenye mstari mmoja. Kila msichana mpya aliponiuliza, "Wewe ndio supervisor?" nilikuwa najibu, "Nashikilia," na kila mara jibu hilo lilinichoma upya.

Wiki nzima nikakariri malori. Mwenzangu wa kufua ni mama wa Kiislamu, ukoo wao ulipanda kutoka pwani zamani za babu zake, na Kiswahili chake bado kina chumvi. Tulikuwa tukikunja mashuka, kila mmoja kashika pembe zake, mimi nasema malori, yeye ananisahihisha matamshi aliyokuwa hayajui.

"Malori yako yapita vizuri, shoga," akaniambia siku ya mwisho. "Ila huo uso wako wanitisha."

Mahojiano yalikuwa ofisini kwa meneja. Zulia lilikuwa jipya. Walikaa watatu upande wa pili wa meza: meneja, mwalimu, na mama mmoja mwenye miwani aliyetoka makao makuu Mombasa, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Mbele yangu waliweka bilauri ya maji. Wakaniuliza mgeni akilalamika nifanye nini, nikajibu. Wakaniuliza zamu hupangwaje, nikajibu, na Kiingereza changu kilichechemea lakini kilifika. Kisha meneja akatabasamu, akasoma kwenye karatasi yake kwamba nitumie "put up with" katika sentensi ya maisha ya kila siku.

Nikachukua bilauri nikapiga funda moja kubwa. Na maji yakiwa mdomoni, kabla hayajashuka, mdomo wangu wenyewe ukakumbuka mambo ya Bura. Ulijua kwamba maji yakishaingia, kuna neno linalotakiwa kuwa limeshasemwa. Nikakaa hivyo mashavu yamejaa, meneja ananiangalia kama mtu anayeangalia bomba linalotaka kupasuka. Maji niliyameza kwa heshima ya zulia. Malori nikayatafuta, yalikuwa yameondoka.

Nikasema, "For two years I have put up with doing the supervisor's work without a letter." Nikavuta pumzi. "And I am angry."

Sauti yangu haikutetemeka, na hilo lilinishangaza mimi kuliko wao. Ili lisije likapotea njiani nikalirudia kwa Kiswahili: miaka miwili nimevumilia kufanya kazi ya msimamizi bila barua, na nina hasira.

Mwalimu akaangalia viatu vyake vyeupe. Yule mama wa Mombasa akamgeukia meneja, akamuuliza ni nani anayesimamia vyumba kwa sasa. Meneja akasema kuna mpango wa muda, huyu mama anasaidia saidia. Yule mama akaandika kitu. Meneja akanigeukia mimi, kwa Kiswahili, sauti ya mtu anayemkanya mtoto mbele ya wageni.

"Mama, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mvunguni ndio nafagianga kila siku," nikamjibu. "Nimeinama vya kutosha, meneja. Huko hakuna kitu, ni soksi za wageni tu."

Nilitoka nikijua nimeiua kazi kwa mikono yangu. Usiku sikulala, na hayakuwa malori. Nilimkasirikia nyanya, Mungu anisamehe. Nilisema ukweli wake umemfaa yeye aliyekuwa na shamba na mbuzi, mimi nina kodi ya nyumba.

Siku kumi baadaye meneja aliniita, uso umejaa tabasamu, akanipa bahasha. "Hongera mama. Umepita." Alitaka kunifupishia yaliyoandikwa. Nikamwambia ahsante, nitasoma mwenyewe, na nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Ilikuwa barua ya kwanza ya Kiingereza niliyoisoma mwenyewe mpaka chini, kidole kikifuata mstari. Jina langu lilikuwepo. Kazi yangu ilikuwepo, kwenye mstari ule ule. Na mbele ya kazi yangu kulikuwa na neno moja, acting, yaani kaimu. Kaimu msimamizi, miezi sita, kisha hali itaangaliwa tena. Kile kile "shikilia tu kwa sasa", safari hii kimepigwa muhuri.

Nikaomba kalamu. Meneja akanipa haraka, akidhani natia sahihi. Chini ya barua nikaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: I WILL NOT PUT UP WITH THIS. Nikaisoma, nikaona haina kosa. Kisha nikaufungua mkufu wa funguo kiunoni, nikauweka juu ya karatasi.

"Mama, hii ni jeuri," akasema.

"Ni Kiingereza," nikamwambia. "Mlilipa mtu anifundishe. Kuanzia leo nafagia na natandika, kama barua yangu ya zamani inavyosema."

Siku ya kwanza na ya pili zilipita kwa kiburi. Siku ya tatu likarudi kundi la wageni kutoka mbugani, wekundu kuanzia nywele mpaka vidole, wakajitupa vitandani walivyo. Asubuhi meneja mwenyewe alikuwa anapekua stoo, mashuka ya vitanda vikubwa hayaoni, foronya hajui zilipo, simu inalia mfukoni. Mwishowe akawaamuru wasichana wazichemshe nguo zote haraka kwa maji ya moto. Mimi nilikuwa natandika chumba cha juu. Nilipochungulia dirishani niliona foronya zimeanikwa kwenye kamba, foronya zangu nyeupe nilizozitunza miaka miwili, zote zimegeuka rangi ya matofali.

Nililia. Sitaki kujifanya shujaa hapa. Nilikaa kwenye kitanda cha mgeni, jambo tusiloruhusiwa, nikazililia foronya. Hapo ndipo nilipokaribia kushindwa. Meneja hakuniweza na barua yake wala methali yake, lakini kamba ile ilikuwa inaniweza. Ilikuwa imebaki dakika moja nishuke, nichukue funguo, niseme haya basi, nitashikilia. Mwenzangu alinikuta ngazini.

"Wenda wapi?" akaniuliza.

"Wanaharibu mashuka."

"Na waharibu. Si yako." Akanishika mkono na mkono wake uliolowa sabuni. "Leo ukishuka, shoga, utashuka maisha."

Nikarudi juu. Nilitandika chumba kile vizuri kuliko nilivyowahi kutandika chumba, pembe za shuka kali kama karatasi, huku nalia.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, meneja alikuja kwenye mabeseni kwa miguu yake. Mkononi alikuwa na bahasha mpya na ule mkufu wa funguo. Niliifungua palepale, nikaisoma yote, naye akangoja juani jasho linamtiririka. Neno kaimu halikuwepo. Miezi sita haikuwepo. Chini kulikuwa na sahihi mbili, yake na ya yule mama wa Mombasa. Nikaisoma tena toka mwanzo, si kwa sababu nilikuwa na shaka. Nilikuwa nafaidi.

"Si useme asante basi," meneja akasema.

"Nimeipokea," nikasema, nikajifunga funguo kiunoni.

Alikuwa ameshageuka kwenda zake. Mimi nikachukua kikombe cha plastiki tunachopimia sabuni, nikakisuuza, nikakijaza maji bombani. Mwenzangu aliniona akaacha kufua, maana miaka yote tuliyofua pamoja nilikuwa nimemsimulia habari za nyanya.

"Meneja, usiende," nikasema. "Nataka kukubariki."

Akageuka, akakiona kikombe, akarudi nyuma hatua moja. "Na hiyo maji ni ya nini?"

"Maji ni baadaye. Kwanza kuna maneno, halafu maji, halafu baraka. Ndivyo tunafanyanga kwetu."

"Maneno ni mengi?"

"Ni ya miaka miwili."

Akaangalia saa yake, akaangalia foronya za rangi ya matofali zilizokuwa bado kwenye kamba. Akaizima simu, akasimama.